Kupanga Wikiendi ya Wawili Jijini Mwanza kwa Kuanzia Jioni

Watu wawili wanapopanga kuja Mwanza kwa siku mbili, mara nyingi huanza kwa kuorodhesha mahali pa kutembelea mchana, kisha usiku wakauachia bahati. Baada ya miaka mingi ya kuishi hapa, na ya kuwapokea ndugu na marafiki waliokuja na wenza wao, nashauri mpango uanzie upande wa pili. Mwanza hupendeza zaidi jioni. Mchana jua hupiga juu ya miamba, na mitaa ya katikati ya mji hujaa watu na mizigo. Lakini ikifika saa kumi na moja upepo wa ziwani huwa umeanza kuupoza mji, na kwenye saa moja kasorobo jua huzama nyuma ya vilima vya Sengerema, ng'ambo ya ghuba, mbele ya macho ya kila aliyeketi ufukweni. Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, amueni jioni zenu mbili: Ijumaa mtakula wapi, na Jumamosi mtasikiliza muziki wapi. Chumba, usafiri na matembezi ya mchana vitafuata jioni hizo, wala si jioni zifuate matembezi.

Kuchagua tarehe

Juni hadi Agosti ndiyo miezi mikavu, na kwa wanaopenda kukaa nje usiku hakuna wakati ulio bora zaidi, ingawa mtahitaji sweta au mtandio kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa usiku ufukweni una ubaridi. Mvua hunyesha zaidi Novemba na Desemba, kisha Machi na Aprili. Mvua ya ziwani huja kwa kishindo na radi, halafu hupita. Haivunji safari, ila huvunja meza iliyowekwa wazi mchangani, hivyo katika miezi hiyo chagueni mahali penye banda.

Angalieni pia ratiba ya Ligi Kuu. Tangu Pamba Jiji, timu ya mpira ya hapa Mwanza, irejee katika ligi hiyo mwaka 2024, siku ambazo Simba au Yanga inakuja kucheza Uwanja wa CCM Kirumba vyumba huwa shida na bei hupanda. Kama nyote wawili ni wapenzi wa mpira, hiyo ndiyo wikiendi yenu, ila wekeni chumba mapema. Kama mnatafuta utulivu, hamishieni safari wiki nyingine. Tahadhari hiyo hiyo iwe kwa Nane Nane na kwa misimu ya mahafali ya vyuo.

Jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haina kazi mwezi unapokuwa mpevu. Siku hizo wengi wao hupumzika na kutengeneza nyavu. Mkija wakati wa mbalamwezi mtaona maji yaking'aa na miamba ikitoa vivuli, na hilo lina uzuri wake. Lakini mkija siku za giza, kuanzia saa mbili usiku mtaona taa moja moja zikiwashwa mbali ziwani, zikiongezeka mpaka mstari wote wa upeo uonekane kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Mimi huwashauri wapendanao waje siku za giza. Meza ya ufukweni inayotazama taa za wavuvi haihitaji pambo lingine.

Upande wa jiji na chumba

Jiji limetandazwa kati ya vilima na maji, kwa hiyo barabara ni chache na zote hupitia katikati. Kosa linalowachosha wageni ni kula chakula cha jioni upande mmoja, kwenda muziki upande wa pili, kisha kurudi kulala upande wa kwanza. Kila usiku uwe na upande wake.

Upande wa kusini kuna Capri Point, rasi tulivu yenye nyumba juu ya miamba na migahawa inayogusa maji, na Hoteli ya Tilapia ndiyo inayojulikana zaidi huko. Kutoka hapo mpaka katikati ya mji ni mwendo mfupi wa bajaji. Katikati kwenyewe kuna hoteli za ghorofa kama Gold Crest, zinazowafaa wanaopenda kushuka ngazi na kujikuta mjini. Upande wa kaskazini, barabara ya uwanja wa ndege inapita karibu na viwanja vya Furahisha, palipo na Rock City Mall, kisha inapita Kirumba na Pasiansi mpaka fukwe za Ilemela, ambako kuna Malaika, Tunza na maeneo mengine ya mchangani ambayo Jumamosi na Jumapili hujaa familia na vijana. Mpango ninaoupendelea ni kulala Capri Point au katikati, kula huko huko Ijumaa, na kuutoa usiku wa Jumamosi kwa upande mmoja tu mtakaouchagua.

Kuhusu chumba, naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu somo hili nililipata kwa gharama. Mwaka mmoja mimi na mume wangu tuliamua kuadhimisha ndoa yetu kwa kulala nje ya nyumba kwa usiku mmoja, tukachukua chumba katika nyumba ya wageni iliyokuwa na shuka safi, maji ya moto na dirisha linalotazama ziwa. Tulikagua kila kitu isipokuwa kilichokuwa nyuma ya ukuta. Spika za baa ya jirani zilianza saa nne usiku na zikazimwa alfajiri, wakati muadhini alipokuwa anaanza. Mume wangu aliketi kitandani akaniambia, "Mama watoto, tumelipia chumba ili tukeshe." Sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo, kabla ya kulipa naulizia mambo manne: usiku wa Jumamosi muziki uko upande gani wa jengo, chumba kina chandarua kisichotoboka, umeme ukikatika jenereta inawashwa au hapana, na mwisho wa kutoka asubuhi ni saa ngapi. Bebeni vitambulisho vyenu, kwa kuwa vitaandikwa kwenye kitabu cha wageni.

Namna ya kufika inategemea mnakotoka. Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,150 kwa barabara, kwa hiyo kwa wikiendi moja ndege pekee ndiyo inayoleta maana. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Wanaotoka Musoma au Shinyanga watafika kwa basi siku hiyo hiyo ya Ijumaa. Waliofaidika zaidi hivi karibuni ni wa Geita na Sengerema: zamani hesabu yao yote ilitegemea foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, na jioni nyingi za Ijumaa ziliishia kwenye foleni hiyo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 19, 2025, mtu anaweza kufunga ofisi Geita na bado akala chakula cha usiku ufukweni Mwanza.

Jioni ya Ijumaa: samaki

Kama mmefika kabla ya saa kumi na moja, pitieni kwanza kwenye Jiwe la Bismarck, karibu na gati la kivuko cha Kamanga. Ni mwamba uliokaa juu ya miamba mingine ndani ya maji kana kwamba mtu aliupachika kwa mkono, na Wajerumani ndio walioupa jina la kiongozi wao. Dakika ishirini zinatosha hapo. Msizidishe, kwa sababu samaki anawasubiri na samaki ana saa yake.

Mtakuta sato na sangara. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950. Nyama yake ni nene, haina miiba midogo, na inafaa kwa mishikaki au kwa kukaangwa vipande. Lakini kwa jioni ya kwanza ya watu wawili nasema bila kusita: chagueni sato mmoja mkubwa wa kuchoma, wa kilo moja au kasoro kidogo, mle pamoja katika sahani moja. Sahani mbili zenye samaki wawili wadogo hazina utamu ule ule.

Mwambieni mhudumu kwamba mnataka kumwona samaki kabla hajapikwa. Si utovu wa adabu. Ni desturi ya hapa, na mhudumu mzuri atawapeleka mwenyewe kwenye friza au ndoo. Macho yawe maangavu na yaliyojaa, si yenye ukungu yaliyobonyea. Funueni matamvua: yawe mekundu. Bonyezeni ubavu kwa kidole, nyama irudi mahali pake. Kisha kubalianeni bei hapo hapo, kabla kisu hakijamgusa, kwa kuwa bei huenda kwa ukubwa na samaki aliyekwisha kuchanjwa harudishwi. Mchomaji atamchanja mara tatu au nne kila ubavu, atamsugua kwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, na kumlaza juu ya wavu wa mkaa usio na moto mkali. Ngozi itaanza kukakamaa kwenye mkia, mafuta yatadondoka juu ya makaa, na moshi utakaopanda ndio utakaoipa nyama ile harufu. Kazi hiyo inachukua dakika arobaini na tano, pengine saa nzima kama kuna wateja wengi, na mchomaji anayewaletea samaki baada ya dakika kumi na tano amewaletea aliyechomwa mchana.

Hapo ndipo hesabu ya jioni inapokaa sawa. Agizeni saa kumi na mbili kamili. Wakati samaki yuko jikoni nyinyi mtakuwa mnatazama jua likishuka, na giza halichelewi kufuata kwa sababu tuko karibu sana na ikweta. Sahani itafika taa za mgahawa zikiwa zimewashwa. Wanaoagiza baada ya jua kuzama hula saa mbili na nusu, wakiwa na njaa na kinyongo.

Ombeni ugali wa muhogo kama upo, au wa dona, pamoja na kachumbari, mboga za majani na pilipili ya kusaga pembeni. Kuleni kwa mkono. Anzeni mgongoni, ambako nyama ni nyingi na miiba mikubwa inaonekana, kisha mje tumboni taratibu. Vinyama viwili vya mashavuni, kimoja kila upande wa kichwa, ndivyo vitamu kuliko samaki mzima. Kuna kimoja kwa kila mmoja wenu, na asiyejua hutupa kichwa kikiwa na vyote viwili. Mkihudumiwa na Msukuma, mkamshukuru kwa neno "wabeja", mtaona uso wake ukifunguka.

Baada ya hapo laleni mapema. Najua ni Ijumaa, na najua kuna kumbi zinazowaita, lakini watu waliotoka safarini wakaingia kwenye muziki usiku huo huo huipoteza Jumamosi yote.

Mchana wa Jumamosi

Fanyeni jambo moja tu. Kwa wengi nashauri Hifadhi ya Taifa ya Saanane, kisiwa kilicho karibu kabisa na Capri Point, ambacho boti hutokea ofisi ya TANAPA na kufika kwa dakika chache. Kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua na kulima hapo. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 2.18, maji yakihesabiwa. Mtaona swala pala, pimbi, kenge na mijusi yenye vichwa vyekundu wakiota jua, na kuna miamba ya kukalia ambayo jiji lote linaonekana kutoka juu yake. Nendeni saa mbili au saa tatu asubuhi, ziwa likiwa bado tulivu, na mvae majaketi ya kuokolea maisha hata kama nahodha atasema ni karibu. Sisi wa kanda hii tulizika watu wengi wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018. Boti iliyojaa kupita kiasi msiipande, hata kama mmeshalipa.

Wanaopenda ngoma na historia wanaweza badala yake kwenda Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, huko Kisesa, kama kilomita 18 kwenye barabara ya Musoma. Yalianzishwa miaka ya 1950 na padre David Clement, na ngoma za watemi zilizohifadhiwa pale zinastahili saa mbili zenu. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza mpaka vumbi lipande, na hapo siku nzima haitoshi. Lakini Saanane na Bujora kwa siku moja, hapana. Kisiwa cha Ukerewe nacho ni safari ya saa tatu na zaidi kwa meli, kwa hiyo ihifadhini kwa likizo.

Kuhusu kuogelea: ufukwe unavutia, lakini ziwa letu lina kichocho, hasa penye matete na maji yaliyosimama, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Tumieni bwawa la hoteli.

Saa nane hadi saa kumi na moja laleni usingizi. Hii ni sehemu ya mpango, si uvivu, na bila hiyo mmoja wenu atakuwa anapiga miayo mezani saa tano usiku wakati mwenzake ndiyo kwanza anachangamka.

Usiku wa Jumamosi

Kabla ya kutoka, kila mmoja amwambie mwenzake kitu kimoja ambacho hataki kukikosa usiku huo. Mmoja atasema anataka kucheza, mwingine atasema anataka kuzungumza, na nimeona wachumba wakinuniana mpaka Jumapili kwa sababu walidhani wanataka kitu kile kile. Dawa yake ni kugawa usiku mara mbili. Kuanzia saa moja na nusu kaeni mahali pa nyama choma, muagize kilo ya mbuzi, ndizi za kuchoma na kachumbari, mzungumze kwa nafasi, kwa kuwa nyama nayo haiharakishwi. Mkitaka bia ya nyumbani kuna Balimi, jina ambalo kwa Kisukuma ni "wakulima". Saa nne ndipo mhamie penye muziki.

Penye bendi kuna mpangilio ambao mgeni hufaidi akiufahamu. Mwanzoni wanamuziki hupiga rumba za taratibu, watu wakiwa bado mezani. Huo ndio wakati wa kucheza wawili kwa utulivu, kwa sababu sakafu ina nafasi na sauti haijapandishwa. Baadaye gitaa la solo hushika, sebene likakolea, na hapo hakuna tena mazungumzo. Chagueni meza ya pembeni, mbali na spika na karibu na njia ya kutokea. Mwimbaji akiwagusa moyo, mnaweza kwenda mbele kumtunza kwa noti mkononi; ni heshima kwake, na mkitaka wimbo fulani kwa ajili ya mwenza wako, hapo ndipo pa kuuomba. Kumbi za bongo fleva na singeli hazichangamki kabla ya saa tano, hivyo msilipe kiingilio mapema mkakaa na viti vitupu.

Chupa tupu zibaki mezani mpaka mtakapolipa, kwa sababu ndizo hesabu yenu, na ombeni bili kila baada ya mzunguko. Kinywaji kilichoachwa mezani wakati mmekwenda kucheza kisinywewe tena, hata kama kimejaa. Fedha za usiku zitengeni kabla ya kutoka, nyingine ziacheni zilikofungiwa chumbani, na pa kulipia kwa simu hakikisheni jina linalotokea kwenye lipa namba kabla ya kuweka namba ya siri. Muhimu kuliko yote ni dereva: mchana wa Jumamosi mkipata mwenye bajaji au teksi mliyemwona ana busara, chukueni namba yake na mkubaliane saa na nauli ya kurudi. Bodaboda usiku wa manane, mmoja wenu akiwa amekunywa, barabara za milima zikiwa na umande, sitaki mpande.

Jumapili

Wanaosali wataamka na kwenda ibada ya kwanza. Wengine wanywe chai taratibu, kisha kwenye saa nne waende Mwaloni, Kirumba, kwenye soko kubwa la samaki, wanunue zawadi za nyumbani. Dagaa wakavu chagueni wanaong'aa kama fedha, wasio na mchanga. Pimeni dagaa mmoja kati ya vidole, akivunjika kwa mlio amekauka vizuri. Mafungu ya sangara waliotiwa chumvi yako hapo pia. Nunueni ndoo yenye mfuniko unaobana, kwa kuwa harufu itasafiri nanyi, na konda wa basi ana haki ya kukataa mzigo uliofungwa vibaya.

Mnaoishi karibu, kama Magu au Misungwi, mnaweza kubaki kwa bonanza la Jumapili alasiri, ambapo baa nyingi huleta bendi kuanzia saa tisa na watu hucheza jua likiwaka. Wanaosafiri mbali wasijaribu. Tiketi ya basi ya kurudi inunuliwe Ijumaa ile ile mliyofika, kituoni, mkiulizia kama basi lenu litaondokea Nyegezi au Nyamhongolo, maana vituo hivyo viwili viko pande mbili tofauti za jiji na kutoka kimoja hadi kingine mnaweza kuikosa safari mkiwa na ndoo ya dagaa mkononi.